Malalamiko Juu ya Mbwa Anayefuta Miguu

Kwako Shemeji, mwalimu wa mbwa,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo iko mahututi tangu ulipotutembelea mwezi uliopita ukamfundisha mbwa wetu kufuta miguu kwenye gunia la mlangoni kabla ya kuingia ndani. Najua nia yako ilikuwa njema. Hata hivyo naomba unisikilize, maana maji yamenifika shingoni.

1. Kwa miaka kumi na tisa dada yako amenisihi nifute miguu. Kwa miaka hiyo hiyo nimemjibu kwamba mimi ni mwashi, saruji na tope ndiyo kazi yenyewe, na samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe ukaja na pakiti mbili za biskuti, na kwa siku tisa mbwa akafuzu. Tena mbwa mzee, mwenye miguu minne! Sina hoja tena.

2. Mama mkwe alipokuja, mbwa alifuta miguu, akaingia, akatulia. Nyuma yake nikaingia mimi, nikaacha nyayo kutoka mlangoni hadi kitini. Mama alizitazama nyayo, akamtazama binti yake, akashusha pumzi. Shemeji, afadhali angenitukana.

3. Jina la mbwa, Simba, limefutwa. Sasa anaitwa Mstaarabu, na kitinda mimba wangu kila akimwita hunitupia jicho kuhakikisha nimesikia.

4. Mstaarabu analala kwenye zulia la sebuleni. Kiti changu kimehamishiwa barazani, kando ya makarai na beleshi. Huko nawasikia wakicheka ndani, nami nabaki kukisia wanachekea nini. Hili linaniuma kuliko yote.

5. Jumatatu nilirudi kutoka kazini nimelowa chapachapa. Mbwa alikuwa amejilaza kizingitini, na kila nilipoinua mguu akabweka. Kizingiti hicho nilikijenga kwa mwiko wangu mwenyewe! Jirani akatoka kuangalia nani anaibiwa. Ikabidi nifute, wa kulia, kisha wa kushoto. Dada yako, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akanipa biskuti.

6. Niliila.

Kwa hiyo naomba Jumamosi uje na kamba umchukue, au umfundishe uchafu upya. Kwa hilo la pili niko tayari kukusaidia, ujuzi ninao. Usipokuja, itabidi mmoja wetu ahame, na nikiwatazama watu wa nyumba hii sidhani watamchagua mbwa ndiye aondoke. Sitaki makuu. Nataka kiti changu kirudi sebuleni nikae na watu wangu.

Wasalimie wote hapo kwako, wakubwa kwa wadogo, pamoja na mbwa ambao bado hujawaharibu.

Ni mimi shemeji yako, mwenye nyumba kwa jina tu,
Mwashi

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Tangu Jumatatu nafuta miguu kila jioni, ili mbwa aninyamazie tu. Leo nimeingia nikakuta kiti changu kimerudi sebuleni, karibu na zulia. Nimekaa. Jumamosi njoo, lakini kamba iache. Lete gunia jipya la mlangoni, hili tumelichakaza. Na biskuti ziwe pakiti nne, maana sasa wanafunzi tuko wawili.