Ngokela Ndani ya Kompyuta ya Parokia

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya parokia. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanakwaya, maana wao wataongeza chumvi.

Iko hivi. Kompyuta ya ofisi ya parokia yetu hapa Mbinga ilikuwa inaganda kila Mama Kapinga, katibu wetu, anapohifadhi faili. Niliichunguza wiki tatu. Prosesa yake ina viini vinne, yaani wafanyakazi wanne. Ukihifadhi faili, mfumo wa mafaili hubaki na kazi za chinichini: kuandika kwenye diski, kupanga, kuhakiki. Kosa nililolikuta ni kwamba kazi hizo zote zilikuwa zinaangukia kiini kimoja, kilekile kinachomhudumia Mama Kapinga. Vingine vitatu vimekaa tu kama wageni wa harusi.

Mfumo endeshi wenyewe ni wa wazi, mtu anaruhusiwa kuurekebisha. Nikaurekebisha. Mimi ni Mmatengo, nikafikiri kimatengo: ngokela! Kwetu majirani wote huvamia shamba la mtu mmoja, wanachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, wanamaliza, wanahamia kwa mwingine. Nikaagiza viini vyote vinne vivamie kazi za chinichini kwa pamoja, vimalize, ndipo virudi kwa Mama. Kwenye laptop yangu ilikwenda kama upepo. (Hakuna aliyekuwa anachapa kitu. Kumbukeni hilo.)

Leo ni kipaimara. Watoto sitini na wanne, Askofu anafika saa nne. Saa mbili asubuhi nikamkuta Baba Paroko ameshaweka peni mezani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele amina. Vyeti tuandike kwa mkono tu, kijana. Nisije nikaaibika mbele ya Askofu."

"Baba, ikigoma, nitaviandika vyote mwenyewe." (Mdomo huu!)

Nikaweka toleo langu. La zamani nikalifuta ili nipate nafasi. (Msiniulize.)

Mama Kapinga akachapa jina la kwanza. Cheti kikatoka. Nikajipiga kifua. Cha pili kikatoka. Cha tatu, herufi zikaanza kujitokeza moja moja, kama watu wanaotoka kuungama. Kisha kimya. Hata mshale hausogei.

Nikatazama. Viini vyote vinne viko kwenye kazi za chinichini, kwa bidii ya ajabu! Na kila cheti kilichohifadhiwa kimeongeza kazi nyingine. Shamba haliishi.

"Fundi, inafanya nini?" Mama Kapinga akauliza.

"Inafanya kazi, Mama. Wote wanne wanafanya kazi." Nikamweleza habari ya ngokela, kwa mikono, kwa fahari. Wazazi wa watoto walikuwa wamejaa mlangoni, wanasikiliza.

Mama akavua miwani. "Wote wanne wako shambani?"

"Wote, Mama."

"Na anayepika ni nani?"

Nikageukia skrini.

"Ngokela ya wapi hiyo, isiyo na hata mtu mmoja jikoni? Mama yako hakukufundisha? Mimi hapa nangoja ugali!"

Mlangoni wakaangua kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushika ukuta.

Na alikuwa sahihi! Dawa ilikuwa kubakiza kiini kimoja kwa ajili ya anayechapa. Mstari mmoja tu. Nimeuandika kwa dakika mbili. Ila kuujenga upya mfumo mzima kwenye laptop yangu ni saa mbili na ushei, na wakati huo ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Baba Paroko alinisogezea peni.

Nimeandika vyeti sitini na viwili kwa mkono. Wimbo wa kuingia ukaimbwa, mahubiri yakaanza, mimi bado niko kwenye K. (Akina Kapinga na Komba hawaishi!) Vya mwisho nilivipitisha dirishani, wino haujakauka. Mama Kapinga akakishika kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mwandiko huu nao," akasema, "mbona kama umeganda?"

Mfumo ulimaliza kujengwa wakati waumini wanatoka kanisani. Kompyuta sasa inakwenda vizuri mno. Hakuna aliyekuja kuiona.

Jumamosi kuna ngokela shambani kwa Mama Kapinga. Wenzangu wote wamepangiwa majembe. Mimi nimepangiwa jiko. Atakayecheka, nitampakulia ukoko.