Kasuku Augua Ulimi

Kasuku alikuwa zahanati akiuza dawa ya mende alipoliona tangazo mlangoni: aliyedhurika na chanjo afike ofisi ya fidia. Akalisoma huku akilipapasa bega alilochanjwa, bega zima kabisa, halijawahi hata kuwasha.

Mtu huyu alijaliwa mdomo. Cherehani ya mama mkwe wake aliitoa nyumbani kwa maneno matupu, eti anaipeleka kwa fundi. Fundi mwenyewe mpaka leo hajulikani, na mama wa watu anashona sare za shule kwa mkono, macho yakimtoka machozi.

“Mama,” alimwambia jioni, “chanjo imeniua ulimi.”

“Na huo unaosemea?”

“Huu ni wa hapa nyumbani. Kule ofisini mimi bubu, wewe mkalimani wangu. Ukilia wewe, nani atakataa?”

“Bubu tu? Watakupa kalamu uandike, utachoka bure. Sema na mkono umekufa.”

Kasuku akacheka. “Kumbe mama nawe umo!”

Ofisini, walioumia kweli walikaa benchi la nyuma, kimya. Ukutani palibandikwa onyo kwamba mdanganyifu atafungwa, na askari wa kumfunga alikuwa pale pale mlangoni. Mama mkwe akaangua kilio, wakapitishwa mbele. Daktari akamchoma Kasuku pini mkononi, jamaa hakuguna. Ushujaa wa namna hiyo hajawahi kuutumia kwenye kazi halali.

“Anataka hela au kitendea kazi?” karani aliuliza.

Mama mkwe akamtazama mgonjwa wake machoni, taratibu. “Anasema hela wapewe wale wa nyuma. Yeye apewe cherehani.”

“Atashonaje na mkono umekufa?”

“Nitamshonea mimi, baba.”

Mishipa ya shingo ikamsimama Kasuku. Akafumbua mdomo, akamwona askari, akaufumba.

“Mbona anatetemeka?”

“Shukrani hizo, mwanangu. Hivyo ndivyo alivyo akifurahi.”

Karani akagonga muhuri. “Basi tutakuwa tunapita nyumbani kumwangalia kama bado bubu.”

“Karibuni. Hata msibishe hodi.”

Cherehani ikawekwa chini ya dirisha linalotazama barabara. Siku ile Kasuku alipovuta pumzi aanze kulalamika, mama mkwe alisogeza pazia, akachungulia nje.

“Kama namwona karani, mkwe wangu.”

Nyumba ikatulia. Ikawa inasikika cherehani tu.