Mbegu Arobaini na Nane Ndani ya Mayai ya Plastiki

Method Kaijage
Adelphi, Maryland
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Kwa Ndugu Fredy Lusekelo,
Mwenyekiti, Kamati ya Shule ya Awali ya Jumamosi,
Ukumbi wa chini wa kanisa, Laurel

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUREJESHEWA MBEGU ZA MAREHEMU MAMA YANGU

Jumamosi Kuu, tarehe 19 Aprili, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nilipoteza mbegu 48 za maharage. Hazikuchukuliwa na mwizi. Zilitumika mchana kweupe, mbele ya walimu wawili, katika darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mitano, kwa jambo ambalo ratiba yenu inaliita "Shughuli za Vitendo za Pasaka na Majira ya Kuchipua". Habari hii nilikueleza Jumatano iliyopita kwenye grupu la WhatsApp, kwa ujumbe wa aya sita. Ulinijibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana leo naandika barua.

Nianze na mbegu zenyewe, kwa sababu wewe ni mtu wa Tukuyu na huenda ukadhani kwamba maharage yote ni maharage. Haya ni ya kutambaa, meupe, yenye doa jekundu jichoni. Mama yangu aliyapanda katikati ya migomba yake kule Kanyigo, Bukoba, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 2011 alinifungia konzi moja kwenye pindo la khanga. Jinsi yalivyopita uwanja wa ndege sitaeleza, maana barua inaweza kusomwa na mtu yeyote. Tangu mwaka huo nayapanda kila Mei, baridi ya mwisho ikishapita, katika kishamba changu cha futi kumi kwa kumi na mbili nyuma ya majengo yetu. Nakula, nagawa, na kila Oktoba natenga mbegu 48. Si 47. Ni safu nne, mashimo kumi na mawili kila safu. Mama alifariki Novemba. Dada yangu aliyebaki nyumbani siku hizi anapanda mbegu za dukani. Kwa hiyo zile 48 hazikuwa akiba. Kwa kadiri ninavyojua, ndizo zilizokuwa zimebaki duniani.

Nilizihifadhi kwenye kopo la aiskrimu. Wewe umelea watoto nchi hii, unajua kwamba katika nyumba ya Mtanzania kopo la aiskrimu huwa na kila kitu isipokuwa aiskrimu. Shule ilitangaza kwamba kila mzazi anayeweza alete nafaka kavu kidogo. Mjukuu wangu Jacqueline, mwenye miaka minne, alikuja na kopo. Swali la nani alimwambia achukue kopo lile halihusiani na barua hii.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Mayai. Mlileta mayai ya plastiki yanayofunguka katikati. Mwalimu Jaha akagawa mbegu zangu kwa haki ya hali ya juu: watoto 16, kila mtoto mbegu tatu. Piga hesabu mwenyewe, haibaki hata moja. Angekuwa mgawaji mzembe, kama baadhi ya watu wanaogawa pilau kwenye harusi zetu, huenda ningepona na kumi. Kila yai likabanwa kati ya vijiko viwili vya plastiki, likazungushiwa selotepu, likawa kayamba. Siku ya Pasaka watoto wakapita mbele ya waumini wakiyatikisa. Ndugu Mwenyekiti, nilipiga makofi. Nilirekodi kwa simu dakika nne na sekunde kumi, nikamtumia dada yangu. Akanijibu, "Jamani, kumbe watoto wa huko nao wana mdundo!" Alikuwa anasikiliza mbegu za mama yake zikigonga plastiki, wala hakujua, kama mimi nilivyokuwa sijajua. Nilijua Jumanne, nilipofungua kopo nizichambue, nikakuta karatasi yenye tarehe peke yake.

2. Kubandika chakula. Mimi nchi hii nilianza mwaka 1998 kwa kuosha masufuria ya hoteli. Leo nina kampuni ya usafi, magari matatu, watu kumi na wanne. Sikufika hapo kwa kubandika chakula kwenye karatasi. Hii ni orodha ya vilivyoko kwenye mlango wa friji yangu tangu Januari: mchele wa rangi ya bluu uliogeuzwa bahari, makaroni 31 kwenye uzi, ambayo mke wangu Domina alilazimika kuyavaa kanisani ili mtoto asilie, na bisi 57 zilizogandishwa kwenye tawi zikijifanya maua ya miti ya cheri. Miti ya cheri yenyewe wakati huo ilikuwa imechanua mjini, bila kiingilio, mwendo mfupi tu kutoka hapo mlipo. Nawauliza: huyo mtoto akija kunyimwa chakula na dunia, atatafuta jiko au atatafuta gundi?

3. Sungura. Kwetu sungura wa Pasaka alifika mezani akiwa ameiva, hakuleta kitu. Hili ni dogo. Nalitaja lisije likasemwa kwamba sikuliona.

4. Sasa kubwa. Saa ileile ambayo maharage yangu yalikuwa yanatiwa kwenye mayai, meza ya pili watoto walikuwa wanafundishwa kupanda. Udongo mzuri, vikombe 16, kopo la kumwagilia. Nikasema, angalau. Nikauliza walichopanda. Walipanda pipi. Pipi laini, za rangi, zenye umbo la harage! Wakazifukia, wakazimwagilia, wakaambiwa waziombee. Na Jumapili baada ya ibada walipoteremka ukumbini, katika kila kikombe palikuwa na pipi ya kijiti imesimama wima, na nailoni yake juu.

Tazama tena jambo hili taratibu, Ndugu Mwenyekiti. Maharage ya kweli mliyatia ndani ya plastiki ili yapige kelele. Maharage ya sukari mkayazika udongoni ili yaote. Na yakaota! Kwa usiku mmoja! Mmewafundisha watoto 16 kwamba kinachozikwa Jumamosi hutoka Jumapili kikiwa na kijiti na karatasi ya dukani. Mtu wa elimu ndogo kama mimi angedhani kwamba Pasaka ndiyo siku ambayo mngehitaji mbegu halisi kuliko siku zote za mwaka.

Madhara nimeyaona nyumbani. Alhamisi nilimpeleka Jacqueline kishambani, nikamwonyesha safu nne zilizo tayari, nikamweleza kwamba tukipanda tutangoja siku sabini hivi. Akanitazama kama mimi ninavyomtazama fundi wa gari akitaja bei. Halafu akaniambia, kwa Kiingereza chake kile cha taarifa ya habari, kwamba shamba langu limeharibika, nimwite Mwalimu Jaha alitengeneze, kwa sababu lake linachukua usiku mmoja tu. Miaka kumi na minne ya kilimo, nimeshindwa na pipi.

5. Mwalimu Jaha mwenyewe. Nilimpigia simu nikiwa na hasira zilizopangwa vizuri. Yeye ni Mmarekani wa Temple Hills, Kiswahili amejifunza chuo kikuu, na anakisema sawasawa kuliko mimi na wewe. Akaniamkia shikamoo kabla sijafungua kinywa, akarudia nilipomaliza sentensi ya kwanza. Mtu akishakuamkia mara mbili, ugomvi unakosa pa kukaa. Kisha akasema, "Mzee Method, niwie radhi mno. Yalikuwa makavu. Sikujua kwamba yako hai." Nilikata simu. Si kwa jeuri. Nilichukua kalamu, nikaanza kuorodhesha namba za wazazi wa watoto 16.

6. Zoezi la kuzikusanya. Nimelifanya mwenyewe siku nne, baada ya kazi. Matokeo ni kama ifuatavyo.

Mama yake Fahmi, watu wa Tanga, waliomleta mtoto kwa ajili ya Kiswahili na si kwa ajili ya sungura, alinirudishia zote tatu katika bahasha, pamoja na tende. Ndugu Kiprotich alinirudishia mbili. Ya tatu binti yake ameimeza. "Mzee, kwani ni dhahabu?" akaniambia. "Ngoja kesho, itatoka tu." Hiyo nimeisamehe. Mama mmoja wa Kikongo alizichemsha zote tatu pamoja na za kwake. "Papa," akasema, "nilikuta batoto banacheza na chakula, nikapika." Katika shauri hili lote huyo ndiye mtu pekee niliyeshindwa kumlaumu. Familia tano zilitupa mayai Jumatatu ya Pasaka pamoja na makopo ya kurejelezwa, maana yake mbegu 15 ziko jalalani zikisubiri kugeuzwa chupa. Familia saba hazipokei simu yangu tena. Na yai la mjukuu wangu mwenyewe nililikuta limepasuliwa, tupu, na mwenyewe nikimuuliza anaangalia dari.

Nilizonazo mkononi ni tano. Mbili zina gundi ya selotepu.

7. Hasara kamili. Harage langu moja hunipa punje arobaini. Mbegu 48 zingenipa punje 1,920 mwaka huu. Hizo zikipandwa zote, mwakani ni 76,800. Mwaka wa tatu ni 3,072,000. Kwa hiyo Kamati yako, katika asubuhi moja, imepoteza maharage milioni tatu na elfu sabini na mbili, ambayo yangetosha kulisha kila anayesema Kiswahili kutoka Laurel hadi Temple Hills, na Wanyakyusa wangeongezewa. Najua kishamba changu ni futi za mraba 120. Hilo ni tatizo langu, si lenu.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima yafuatayo. Kamati izipigie zile familia saba kwa namba ambayo hawaijui. Mayai yote yatakayopatikana yafunguliwe mbele ya wajumbe, na kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa hesabu ya punje. Katika shule ile pipi isizikwe tena kwenye udongo mpaka kila mtoto awe amepanda, walau mara moja, kitu kinachochelewa. Na ikiwa hesabu haitatimia 48, Pasaka ya mwakani iahirishwe shuleni hapo hadi itimie. Pasaka yenyewe huhamahama kila mwaka, kwa hiyo kuisogeza mbele kidogo hakutamshangaza mtu.

Nataka jibu kabla ya Jumamosi tarehe 3 Mei, saa tisa alasiri, kwa sababu saa kumi nitakuwa kishambani na jembe, na sitaki kusimama pale mbele ya mashimo 48 nikiwa na mbegu tano kiganjani. Nilimwahidi mama kwa simu, wiki ambayo hakuweza tena kuzungumza ila kusikiliza, kwamba maharage yake hayatalala mwaka hata mmoja. Jibu liwe ndiyo au hapana. Sitaki kidole gumba.

Mpe salamu mama watoto, wape wajumbe wote wa Kamati, hata yule aliyecheka kwenye grupu halafu akafuta. Mwambie Mwalimu Jaha kwamba simu ilikatika.

Ni mimi mzazi na mlipa ada, niliyebakiwa na mbegu tano,

Method Kaijage

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshailamba Domina aliponiita nikaone chungu cha ua lake, kile kilicho dirishani nyuma ya pazia. Jacqueline alipasua kayamba lake jioni ya Pasaka, akazifukia mbegu zake tatu humo, na siku nane amekuwa akizimwagilia kwa kikombe cha mswaki bila kumwambia mtu, kama alivyofundishwa shuleni. Zimeota. Zote tatu, shingo zimepinda, moja bado imebeba ganda lenye doa jekundu kichwani. Nilikaa chini, sakafuni, pamoja na goti langu hili bovu.

Jacqueline alikuwa analia. Anasema zimeharibika, maana siku nane zimepita na hazijatoa pipi. Nimemwambia kwamba mbegu za Bukoba pipi zake huchelewa, hutoka Jumamosi jioni. Nilisema kabla sijafikiri. Domina anasema ni kama siku ile nilivyosema, "Chukua hilo kopo twende, tumechelewa," na anataka niliandike hilo pia. Nimeliandika.

Kwa hiyo madai yote hapo juu yafute, na Pasaka iendelee kama kawaida. Siku na saa havibadiliki. Nijibu moja kwa moja kabla ya Jumamosi saa tisa alasiri: Mwalimu Jaha alinunua duka gani zile pipi za kijiti, na alizichomeka kina gani hata zikasimama? Nahitaji tatu. Nyekundu.