Jeki Iko Mlangoni

Jumapili, 14 Aprili

Mlango wa mbele umegoma tena. Nimesukuma kwa bega, nimesukuma kwa goti, mwisho nimeupiga teke. Umefunguka. Kidole kimevimba.

Tatizo ni nguzo ya baraza. Mchwa wameila chini mpaka limebaki ganda. Boriti imeshuka, imeikalia fremu, na mlango umebanwa.

Wakati mbaya kabisa. Jumamosi jumuiya yetu ya Mtakatifu Yosefu inasali hapa kwangu, Maisaka, na siku hiyohiyo tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili: mimi, na Basil mwenye duka la dawa za mifugo. Tangu nihamie Babati mimi ndiye mtu wa mabenchi. Msiba, kipaimara, sala, ni hilohilo: Baba Kindness, mabenchi. Nimechoka. Mgongo nao umechoka. Mwenyekiti habebi benchi. Analikuta limepangwa, analikalia. Sitaki kingine chochote katika uongozi.

Mama Kindness kasema aitwe fundi Yoakimu. Nimekataa. Yoakimu amemwoa dada yake Basil. Akiiona nguzo asubuhi, mchana Maisaka nzima itajua kwamba mgombea anafuga mchwa. Mama Kindness akaniambia mficha uchi hazai. Nikamkumbusha kuwa tumeshazaa, tena watatu. Akaenda kulala.

Jambo jema moja. Leo baada ya misa, mbele ya watu, nimemwahidi katekista wetu, Mzee Alois, kwamba Jumamosi tukimaliza nitampeleka Singe kwa gari langu akamsalie mgonjwa. Watu wameguna kwa kuridhika. Hizo ni kura.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimerudi kutoka ghala la mbaazi, vumbi mpaka masikioni. Nimekaa barazani naitazama nguzo. Ndipo nikakumbuka jeki! Gari langu, Probox, lilikuja nayo tangu Japani, imo kwenye mfuko wake, haijawahi kugusa udongo. Jeki inainua gari. Boriti ni nini?

Nimekata kwa msumeno ile sehemu iliyoliwa, kimo cha goti, nikakitupa kipande pembeni ya geti, misumari na yote. Boriti ikashuka zaidi na kulia. Nikaweka jiwe bapa, juu ya jiwe jeki, juu ya jeki nguzo iliyobaki nzima. Nikazungusha. Boriti ikapanda taratibu kama mzee anayeamka. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja.

Nimeufungua na kuufunga mpaka Mama Kindness akauliza ni nani hao wanaoingia. Mtakatifu Yosefu mwenyewe alikuwa seremala. Angenielewa.

Jumatano, 17 Aprili

Basil kapita, eti kusalimia. Kaufungua mlango mwenyewe, kaufunga. Akasema kumbe mlango umepona. Nikamwambia ni mafuta tu. Jeki nilikuwa nimeshaifunika kwa kitenge, na mbele yake chungu cha maua. Akayasifu maua, akayatazama muda mrefu kuliko maua yanavyostahili.

Mama Kindness anatafuta kitenge chake. Nimemwambia nguo hupotea.

Upepo wa jana ulitaka kuondoka na bati la banda la kuku. Nimepandisha tairi la spea juu yake, limetulia. Gari moja, nyumba nzima inapona. Mama Kindness akauliza je, nikipata pancha? Nikamjibu tairi zote nne ni nzima. Akasema tairi huwa nzima mpaka siku ya pancha. Mwanamke huyu hanitakii mema.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kutwa. Kesho sala itakuwa ndani, si barazani. Nimeyatoa magunia yangu ya mbaazi sebuleni, nimeyapanga kwenye mlango wa nyuma mpaka juu. Sebule safi. Nimebeba pia mabenchi. Kwa mara ya mwisho maishani mwangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika kwa shida. Mikono inanuka kuku.

Walikuja wote. Tumesali vizuri, nimesoma somo bila kukwama. Ikaja chai, baada ya chai ndiyo kura. Mzee Alois akaninong'oneza kwamba Singe wamepiga simu, mgonjwa ana hali mbaya, tukimaliza kupiga kura tuondoke mara moja. Nikamwambia gari liko tayari. Nikachungulia dirishani. Gari limeinama.

Msumari. Wa kwangu mwenyewe, kutoka kile kipande cha nguzo.

Nikawaza haraka. Wanakunywa chai. Boriti haiwezi kushindwa kungoja chai. Nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu ili mvua isiingie na macho yasitoke. Nikaishusha jeki, nikaichomoa, nikaisukumia nguzo jiwe. Boriti ikashuka. Mlango ukalia mara moja tu, kidogo.

Gari juu, tairi bovu chini, ndipo nikakumbuka spea iko kwa kuku. Nimepanda juu ya banda na suti yangu ya kipaimara cha Kindness. Nilipoling'oa tairi, bati likaruka mpaka kwa jirani na kuku wakatawanyika kwenye mvua.

Ndani wakaanza kugonga. Nikawaambia kupitia mlangoni wasubiri kidogo, ni unyevu. Basil akaupiga mlango kwa bega. Akaupiga tena. Nikamwambia aache, fremu ni ya mninga. Mtu akauliza mlango wa nyuma uko wapi. Mwingine akajibu uko nyuma ya mbaazi. Madirisha yana nondo, nilizichomelea mimi. Akina mama wakaanza kupaza sauti, na mimi niko kwenye tope nashindana na nati.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Kindness. Akawaambia wakae chini, nyumba haiungui. Akamwambia Basil apumzishe bega. Akasema tusali rozari, kisha tupige kura, mpaka hapo Baba Kindness atakuwa amemaliza chochote anachokifanya. Wakaanza kusali. Nimekaza nati kwa mwendo wa Salamu Maria.

Halafu vigelegele!

Nilijua. Wamenionea huruma, wamenichagua. Nikashusha gari, nikakimbia na jeki, nikaipachika, nikazungusha, mlango ukaachia. Nikasimama pale na neno fupi la shukrani mdomoni na nyoya kichwani.

Wamemchagua Mama Kindness. Hakuwa hata mgombea. Mke wa Basil ndiye aliyelitaja jina lake. Basil kapata kura tano, mimi mbili, waliobaki wote kwake. Basil akampa mkono wa kushoto, wa kulia haupandi.

Mwenyekiti akatoka barazani, akaona kitenge chake kwenye tope, akaiona jeki. Wote wakaiona. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nimempeleka Mzee Alois Singe. Tumemkuta mgonjwa ameketi anakunywa uji, akauliza mbona mmechelewa. Mzee Alois akamjibu kwamba gari lilikuwa linashikilia nyumba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemuuliza Mama Kindness kama moja ya zile kura mbili ni yake. Kasema kura ni siri.

Imeniuma. Nilitaka mara moja tu nilikute benchi limepangwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Yoakimu alikuja Jumanne, kaweka nguzo mpya, mlango unafunguka. Maisaka nzima ilishajua, kwa hiyo hakuwa na la kusimulia. Mwenyekiti ametoa agizo: jeki na spea visitoke garini kamwe. Nimeitikia. Naona kasema kweli.

Leo jumuiya inasali kwa Basil. Saa kumi na mbili asubuhi Mwenyekiti kaniamsha. Baba Kindness, mabenchi.

Nimeyapakia yote peke yangu, Basil bega bado. Wakati wa kushusha, moja likavunjika mguu. Watu walikuwa wameanza kuingia. Kurudi kuchukua lingine ni mbali, na mimi nimechoka.

Jeki ina kimo kilekile cha mguu wa benchi, ukiizungusha kidogo. Nimeliweka upande wa ukutani, ambako Mwenyekiti hatazami, na nimelitandikia kitenge. Mzee Alois amelikalia, limetulia kabisa.

Naandika haya nimeketi ndani ya gari, wenzangu wanaimba. Tairi la mbele limelala kidogo. Litafika nyumbani.