Vita vya Mwenyekiti Bagenda na Blanketi la Simba

Sogezeni vigoda karibu, enyi watu wa nchi tambarare msiojua kuishi juu ya mawe. Nanyi mlioko Nyegezi mkingojea mabasi ya mbali, tueni mizigo yenu mtege masikio. Inakuja habari ya vita iliyopiganwa mchana kweupe katika jiji la Mwanza, juu ya jiwe moja la Mabatini, baina ya kiongozi mwenye suti na simba mwenye manyoya ya nailoni. Mwenye chai na aimalize kwanza, asije akapaliwa.

Ilikuwa siku ile ambayo taifa hulienzi jeshi lake la anga. Ndege za kivita zilikuwa zipite juu ya jiji, na katika uwanja uliopigwa mahema meupe wakubwa wangeinua nyuso na kupiga makofi. Ndani ya hema moja, safu ya nyuma kabisa, pembeni ya spika, palikuwa na kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Kiti hicho kilikuwa cha Bagenda.

Na Bagenda ni nani? Ni Bagenda mwana wa Kagera, mwenyekiti wa mtaa, mvaa suti ya kijivu jua likiwa utosini, mfungua vikao na mwahirisha vikao, ambaye nyayo zake hazikuwahi kukanyaga zulia la wakubwa, na ambaye aliutazama udiwani kama abiria wa meli atazamavyo taa za mjini akiwa bado katikati ya ziwa.

Ujumbe ulikuwa umewafikia wenyeviti wote kwa simu: mazingira yawe nadhifu. Wenzake waliusoma, wakafagia mitaro, wakaenda kunywa chai. Bagenda hakuwa mtu wa kufagia akaishia hapo. Aliutafakari ujumbe ule mpaka akaona ndani yake mambo ambayo hata aliyeuandika hakuyaona. Akajiuliza: rubani akipita juu ya Mabatini ataona nini? Ataona mawe. Na juu ya mawe ataona nini? Ataona nguo za ndani.

Kwa maana katika mtaa ule, ambako nyumba zimeng'ang'ania mlima kama kupe, hakuna nafasi ya kufunga kamba. Jiwe ndiyo kamba, na kila mwenye kufua huanika juu yake. Basi asubuhi na mapema Bagenda akatoka na kipaza sauti, nyuma yake akifuata Venant, mgambo wa mtaa, mwenye rungu na buti zilizochoka. Amri ikapigwa kona zote. Mashuka yakaanuliwa yakiwa yanachuruzika, suruali zikarudishwa ndani ya beseni, soksi zikakimbilia mafichoni. Hata ilipokaribia saa nne mlima ulikuwa umenyolewa, ukang'aa kama kichwa cha bwana harusi.

Isipokuwa mahali pamoja. Juu kabisa ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaharusi lilikuwa limetandazwa blanketi zito, jekundu, lenye uso wa simba mpana kuliko meza ya chakula, kinywa wazi, meno nje, akiitazama mbingu bila adabu.

Bagenda akasimama mlangoni, akavuta tai.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

"Mama, nasimama mbele yako kwa niaba ya mtaa, kwa niaba ya kata, na kwa niaba ya usalama wa anga yetu. Leo vijana wetu watapita hapa kwa kasi isiyosemeka. Je, ni haki kijana aliyelelewa na taifa, akiwa katikati ya kazi, akutane uso kwa uso na simba?"

Bi Mwanaharusi, mjane wa fundi cherehani, mwenye ulimi uliokunjwa na kuhifadhiwa vizuri kwa siku maalumu, akaufuta mkono kwa kanga.

"Mwenyekiti, nimekusikia, na mahubiri ni mazuri. Sasa nami unisikie. Mwanangu Raya amejifungua kule Nansio. Leo anapanda meli, jioni analala hapa na mtoto wa siku chache. Wiki nzima mvua imenyesha, jua limetoka leo. Maji ya kulifulia blanketi hilo nimeyabeba kutoka bondeni, kwa sababu bomba la huku juu limekauka tangu ulipolizindua. Nilikuita uje ulitazame, ukasema mlima unakupa kizunguzungu. Kama leo kizunguzungu kimepona, jiwe lile pale. Panda ukalianue mwenyewe."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye vibaraza. Bagenda akamgeukia Venant kama jemadari amgeukiavyo askari wake wa mbele.

"Venant, panda."

Venant akalitazama jiwe, akazitazama buti. "Mwenyekiti, buti hizi soli zimeisha. Nikianguka, nani atalinda mtaa?"

Basi Bagenda akavua viatu, akavua soksi, akaikabidhi simu mfuko wa ndani wa koti, akaukabili mlima. Lo, kupanda kule! Alipanda kwa magoti, akapanda kwa viwiko, akapanda kwa kidevu. Mijusi yenye vichwa vyekundu ikampisha njia. Pimbi mmoja akatoka kwenye ufa kumtazama, akarudi kuwaita wenzake. Mshono wa suruali ukaachia kwa mlio ambao kibaraza kizima kiliusikia na kibaraza kizima kikajifanya hakikuusikia. Naye hakurudi nyuma, maana kiti kilikuwa kinamngoja, na kitambaa chake.

Akafika. Akamkamata simba masikio mawili, akainuka, akageuka awaonyeshe watu ushindi wake. Hapo ndipo alipoona chini.

Aliiona nyumba ya Bi Mwanaharusi ikiwa ndogo kama kibiriti. Aliliona ziwa likiwa limeinama upande. Mwenyekiti akaketi taratibu juu ya pua ya simba, akakishika kilele kwa mikono miwili.

Simu ikalia. Alikuwa mtendaji wa kata, aliyempangia kiti.

"Bagenda, uko wapi? Wageni wanaingia."

"Niko juu, mkuu."

"Juu wapi?"

"Niko juu ya utekelezaji," akajibu kwa sauti nyembamba, na kiti kile akapewa mtu mwingine, kama yalivyo mambo ya viti.

Chini, Bi Mwanaharusi alitambua yaliyompata kabla hajasema, kwa kuwa amewaona wengi wakipanda mawe yale kwa hasira. Akasogea mpaka penye mzizi wa jiwe.

"Mwenyekiti, unataka kushuka?"

"Mama, kiongozi hashuki. Kiongozi anabaki mahali alipo mpaka hali itengamae."

"Sawa. Sisi tunakwenda kupika."

Upepo wa ziwa ukalinyanyua sikio la simba na kulilaza tena.

"Bi Mwanaharusi," ikasikika sauti kutoka juu, na safari hii haikuwa ya kipaza sauti. "Naomba unisaidie, mama yangu."

"Nitakusaidia. Lakini blanketi bado bichi, na hapo ulipo ndipo penye jua. Kaa nalo mpaka likauke, ulishike pembe upepo usilichukue. Na watu waanike nguo zao."

Bagenda akafikiri kama wafikirivyo wafalme waliozingirwa. Kisha akatangaza kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia maslahi mapana ya wananchi, kufua ni haki na kuanika ni matokeo ya kufua. Hakumaliza. Mabeseni yalikwishatoka. Mashuka yakapanda mlima, suruali zikafuata, sidiria zikalala kwenye majabali kama bendera za mataifa rafiki.

Na wakati huohuo anga likapasuka. Ndege tatu zikatokea upande wa ziwa zikiwa zimefuatana kama vidole, zikapita chini sana juu ya Mabatini, mabati yakatetemeka, kuku wakasahau majina yao. Watu wote waliziona. Wazee walizipungia mikono, na Venant alipiga saluti mpaka kofia ikadondoka. Mmoja tu hakuona kitu: Bagenda alikuwa amelala kifudifudi juu ya simba, amejifunika pembe ya blanketi kichwani, akilitaja jina la mama yake kwa Kihaya.

Zikatoweka. Mbwembwe zote za siku ile zilidumu muda mfupi kuliko anaotumia Bagenda kusafisha koo.

Jua lilipoanza kuinama, blanketi likakauka. "Sasa geuka ukae," Bi Mwanaharusi akaelekeza. "Kaa kabisa, kama unavyokaa kwenye vikao. Hivyohivyo, teleza." Na Bagenda akashuka kwa makalio, inchi kwa inchi, amemkumbatia simba kifuani, mpaka vidole vyake vya mguu vikagusa ardhi ya mtaa wake.

Hapakuwa na ngoma wala tarumbeta. Bi Mwanaharusi alishika pembe mbili za blanketi, akampa mwenyekiti mbili nyingine. Wakalikunja mara ya kwanza, wakakutana katikati, wakalikunja tena, polepole, ncha kwa ncha, na Venant akasimama wima ubavuni, kwa sababu lilikuwa jambo linalofanana sana na kushusha bendera. Bagenda akajikuta naye amebana visigino vyake vitupu. Hakuna semina iliyowahi kumfundisha kukunja kitu pamoja na mtu.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Mwanaharusi. "Kaa, kuna uji."

Imeandikwa basi, na isomwe na watakaokuja: katika siku ya heshima ya jeshi la anga, ambapo wengi walikaa chini kutazama juu, mwenyekiti mmoja wa mtaa alipaa kwa nguvu zake mwenyewe, akatua salama, na hakupoteza ila suruali. Jiwe lile tangu hapo linaitwa Uwanja wa Ndege, na ukimwambia bodaboda wa Mabatini akupeleke Uwanja wa Ndege, atakuuliza kwanza: ule wa abiria, au ule wa Bagenda?