Inchi Kumi na Saba za Marehemu Gasper

Jumatatu, 8 Juni

Leo nyota yangu imewaka! Mama Marcelina, mjane wa marehemu Gasper fundi cherehani, amekuja kibandani kwangu ninapotengeneza fremu, hapa Mwanga, na vitu vya mumewe: mkasi, subana ya kukinga kidole, tepu ya kupimia, na kitambaa cha suti rangi ya damu ya mzee. Mzee alikihifadhi miaka tisa ajishonee mwenyewe. Hakuwahi. Wateja hawakumpa nafasi.

Anataka fremu ya boksi, ile yenye kina, vitu vishonwe ndani juu ya kitambaa, itundikwe Jumamosi kwenye arobaini. Oswald, jirani yangu mwenye majivuno na msumeno mpya, kapewa picha ya marehemu aitie fremu. Fundi ambaye kazi yake itampendeza Mama ndiye atakayeachiwa chumba cha duka la marehemu, kile kinachotazama lango la soko. Chumba! Miaka kumi na moja nafanya kazi chini ya turubai.

Sharti moja. Ndani ya fremu kuna vibanzi vinne vinavyosimama pembeni, kazi yake kutenganisha kioo na vitu. Vivishwe kitambaa kilekile, ili macho yasivione. Na kitakachobaki kirudi. Eti la sivyo Mzee hatalala. Kweli, Mzee Gasper alikuwa akirudisha hata vipande vya ukubwa wa kucha, amevifunga uzi. Nikamwambia Mama aondoe shaka, mimi ndiye Bonaventura.

Jumanne, 9 Juni

Nimewaza. Nani huangalia vibanzi? Hakuna. Nikivipaka rangi badala ya kuvivisha, nabakiwa na kipande cha inchi kumi na saba. Kinatosha tai ya kipepeo. Mwenye duka lazima afanane na duka.

Nimekata. Mkasi wangu ni butu, nikatumia wa marehemu. Ulikuwa wa baridi, na jua lote lile la saa saba.

Rangi: nyekundu ya mabati, masizi ya sufuria, na kijiko cha mawese kuupata ule wekundu wa ndani. Nimeisogeza kwenye kitambaa. Pacha! Pembe nimezikata mshazari, zimekutana hata wembe haupiti. Oswald kapita, kauliza mbona kibanda kinanuka jikoni. Wivu huo.

Jumatano, 10 Juni

Jana niliikunja tepu ikawa duara, nikaishona kwenye kitambaa, nikafunga ubao wa nyuma kwa misumari. Asubuhi nakuta tepu imetoa ulimi. Umenyooka juu ya kitambaa. Nikasoma namba pale ulipoanzia: kumi na saba.

Uzi niliuangalia. Haujakatika. Umefunguliwa, fundo kwa fundo.

Ni Oswald! Lakini misumari yote ipo, na niliigonga mwenyewe. Basi Oswald ni mjanja kuliko nilivyodhani. Nimeshona upya. Mafundo saba.

Vibanzi bado havijakauka. Hewa ya ziwa hiyo.

Alhamisi, 11 Juni

Nilikwenda kula migebuka. Dakika ishirini, kibanda nimekipiga kufuli. Kurudi, tepu imejizungusha tanzi. Tanzi la inchi kumi na sita. Na mkasi umefunguka kidogo, nao niliufunga waya.

Kumi na sita ya nini? Nikakumbuka. Mwaka 2019 Mzee Gasper alinishonea shati la kuvaa kwenye kipaimara cha mpwa wangu. Shingo yangu, inchi kumi na sita. Aliitaja kwa sauti duka zima likasikia. Mzee hakuwa mtu wa kusahau kipimo.

Nimecheka peke yangu. Kicheko kilichelewa kuisha. Nimeogopa, nasema kweli, daftari ni langu.

Nilifikiria kurudisha kitambaa. Lakini tai imeshashonwa. Na imenipendeza jamani.

Ijumaa, 12 Juni

Tanzi: kumi na tano na nusu. Nimejaribu tai, inabana. Jana ilikuwa sawa. Ni ugali wa muhogo, unanenepesha shingo. Leo sili.

Sisimizi wamepanga mstari kuelekea kwenye vibanzi. Mawese ndiyo yanayowaita. Nimefungua fremu, nimewafagia, nimepaka rangi mkono wa pili, nimefunga haraka bila kuitazama tepu.

Saa tisa alasiri nikaitazama. Kumi na tano. Nimeigeuza fremu ielekee ukutani. Nasikia chaki inachora kitambaa, polepole, mstari mrefu. Ndani ya fremu. Hamna chaki humo. Panya.

Ndiyo, panya.

Jumamosi, 13 Juni

Nyumbani kwa Mama Marcelina, Katubuka, baada ya misa. Watu wamejaa hadi uani. Picha ya Oswald ikatundikwa: safi, haina neno, imenichefua. Kisha yangu. Watu wakaguna kwa kupendezwa! Nami pembeni na tai yangu, pumzi navuta kwa mafungu.

Jua likaingia dirishani, likaipiga fremu. Vibanzi vikaanza kulia. Wekundu ukatiririka nyuma ya kioo, taratibu, kutoka pembe zote nne. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mtu huko nyuma akasema za mwizi arobaini. Nikageuka kumtazama Oswald, ili watu wajue anasemwa nani.

Mama Marcelina akaniuliza kitambaa kilichobaki kiko wapi. Nikasema kilikwisha.

Hapo tepu ikajikunjua. Mbele ya watu wote, hakuna aliyeigusa. Ikanyooka ikanyooka, ikasimama kwenye kumi na saba. Nikataka kusema panya. Tai ilinikaba kweli, nikaona giza.

Mama ndiye aliyekuja. Hakupiga kelele. Aliifungua tai kwa vidole viwili, akaikunja, akaifunga uzi alivyokuwa akifunga mumewe. Akasema fremu alinipa mimi kwa sababu Mzee, akiwa kitandani mgonjwa, alisema Bonaventura ana mkono wa ufundi. Afadhali angenizaba kofi. Nimelia njia nzima hadi Mwanga.

Chumba kapewa Oswald.

Jumapili, 14 Juni

Oswald kaja baada ya kanisa, na bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Anasema pembe zangu hazina mfano. Anataka niwe nakata vibanzi chumbani kwake, ila nivivishe kitambaa. Nimekubali, kichwa juu.

Kazi ya kwanza keshaniletea: kengele ya mwalimu mkuu aliyefariki Ujiji, mama mmoja mkali sana, na kitenge chake cha kijani. Vibanzi vivishwe kitenge kilekile. Kitakachobaki kirudi.

Nimepima mara mbili. Vibanzi vikiwa vyembamba kidogo, kinabaki cha kutosha leso. Nimetafakari sana yaliyonipata wiki hii na somo nimelishika: leso haifungwi shingoni.

Kengele yenyewe nimeikagua. Haina ulimi, haiwezi kulia.

Nimekata. Imelia mara moja. Upepo wa ziwa huo.