Baridi Inauzwa

Jumatatu, 2 Februari 2026. Babati.

Joto! Feni ya steshenari yangu inazungusha joto lile lile tangu asubuhi. Dar ndiyo usiseme. Mama Vailet, mteja wangu wa zamani aliyehamia Tabata, kapiga simu kusema wanalala sakafuni na bado wanaloa jasho. Wazo likaja hapo hapo, nikiwa nadurufu vyeti vya mtu. Kwetu kule juu, upande wa Mbulu, watu wanalala na mablanketi mawili. Baridi yote ile inakaa bure. Hakuna anayeiuza!

Nimechapa tangazo. KIMBIA JOTO. NJOO ULALE NA BLANKETI. UTALII ENDELEVU. Hilo neno la mwisho nimelipata kwenye semina. Sikulielewa vizuri, ila lilisemwa mara nyingi na watu waliovaa vizuri.

Praygod, mwenye gesti kule karibu na ziwa, kasoma tangazo akacheka mpaka akaomba kiti. Kasema, Theophil, ulifuga kware, ukafuga sungura, sasa umeishia kuuza hewa? Nimemwambia tutaona.

Jumatano, 4 Februari. Nyumbani, juu.

Nimepanda kwa dada Hilaria, aliyebaki kwenye shamba la wazazi. Nikamwambia nina wageni wawili kutoka Dar, mtu na mkewe, wanakuja Ijumaa. Alikubali kabla sijamaliza. Sikumwambia kwamba wanalipa. Angekataa. Kwetu mgeni hatozwi, na dada hawezi kumtazama usoni mtu aliyelipia ugali wake.

Alitaka jambo moja tu. Jumapili ya tarehe kumi na tano binti yake Irine anapata kipaimara, na nyumba itajaa. Akanionyesha kuni za sherehe, nyuma ya jiko, zimepangwa mpaka usawa wa dirisha na kufunikwa mabati ya zamani. Msitu wa kijiji unafunguliwa Jumanne na Ijumaa tu. Kuni zilizoanguka zenyewe, mzigo mmoja wa kichwani, bila panga wala shoka. Mzigo wa Jumanne anapikia, wa Ijumaa anaweka. Ameweka tangu Novemba.

Nikamwuliza masharti yote hayo ya nini. Akasema maji yetu na baridi yetu vinatoka mle msituni. Nimeliandika hilo upesi. Litafaa kwenye tangazo.

Jumamosi, 7 Februari.

Wageni, Mama Vailet na mumewe, walifika jana, wamechelewa. Praygod aliwadaka stendi akawapeleka kuona viboko! Walinifikia saa kumi jioni wakimsifu. Niliumia.

Huku juu, Mama Vailet alishuka garini, akavuta pumzi, akasema jamani, kumbe Tanzania hii hii? Akaupiga picha ukungu. Kwa nusu saa nilikuwa mtu mkubwa. Kisha meno yakaanza kugongana, yake na ya mumewe. Wakaomba maji ya moto ya kuoga. Wa Dar wanaoga mara tatu kwa siku. Ni mazoea ya joto, ila wameyabeba mpaka huku. Dada anachochea moto tangu jana.

Nimewaza sana leo. Watu wamesafiri siku nzima kuitafuta baridi. Wameipata. Sasa wanataka moto.

Jumapili, 8 Februari.

Nimefanya jambo baya.

Praygod alimtumia Mama Vailet picha: moto wa kuota, kando ya ziwa. Moto, kwenye joto lile! Wageni wake wamekaa mbali nao kabisa, wanajipepea. Lakini Mama Vailet akasema, kumbe wenzetu huko wana moto. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema leo mtaona moto.

Dada na Irine walikuwa parokiani kwa mazoezi ya kipaimara. Niliinua bati moja. Nia yangu ilikuwa mizigo miwili tu. Moto ukapendeza mno. Baba Vailet akawa anatupia kuni mwenyewe, kwa mikono miwili, anacheka. Nami nikawa natupia. Picha zilitoka nzuri kuliko za Praygod. Nikaendelea kutupia.

Dada alirudi jua likizama. Aliwasalimia wageni, akawauliza kama wamepata joto, akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata. Yalikuwa yamebaki magome na vijiti, na pale chini wadudu wanahangaika kutafuta pa kujificha. Hakunifokea. Aliokota vile vijiti, akavipanga, akavifunika na bati. Mtu anafunika vijiti vitano kwa bati zima! Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona, hata ule mwaka wa kware.

Alhamisi, 12 Februari.

Naandika kwa jicho moja.

Wageni waliondoka Jumatatu wakiwa na furaha. Jumanne nilikwenda msituni na wanawake, nikapata mzigo mmoja, na nusu yake ilidondoka njiani. Nikapiga hesabu ya wiki. Haitoshi. Basi jana mchana, watu wakiwa kwenye palizi, niliingia na shoka. Juu ya chemchemi niliona mti uliokauka, umesimama tu. Nikajiambia mti uliokufa hauna mwenyewe.

Ulikuwa na wenyewe. Nyuki! Shoka la tatu tu, wakatoka wote.

Nilikimbia bila kuchagua njia. Mlango wa kwanza kuukuta ulikuwa wa Mzee Teodori, mwenyekiti wa kamati ya msitu. Shikamoo yangu ilitoka nusu kwa sababu ya mdomo. Akaitikia marahaba, akauliza nimepatwa na nini. Nikasema nimeanguka. Akanikalisha, akanitoa mwiba wa nyuki shavuni, akauangalia kwenye mwanga, akauliza nimeangukia wapi.

Kamati imekaa leo asubuhi. Nitapanda miche mia tatu ya miti ya asili kwenye mteremko wa juu ya chemchemi, mvua za Machi zikianza, kwa gharama yangu. Mzee Teodori alieleza polepole, bila hasira. Kasema baba yangu alikuwa mmoja wa walioandika masharti ya ule msitu. Sikuwa najua. Au niliambiwa nikiwa na haraka ya kwenda mjini.

Jumapili, 15 Februari.

Kipaimara. Pilau imeiva, na sherehe imefana.

Kuni hazikutoka kwangu. Jana asubuhi wanawake wa jumuiya walianza kufika, mmoja mmoja, kila mtu na kuni kichwani kutoka jikoni kwake. Hakuna aliyewaita. Niliwekwa mlangoni kuzipokea. Mama Xaveria, mjane wa jirani, alileta vipande vitatu amevifunga kwa kanga. Najua anapikia magunzi wiki hii. Kila mmoja alinipa pole ya uso uliovimba. Heri wangenitukana.

Leo dada alinipakulia sahani kubwa, akanipa mwenyewe mkononi, akaniita kwa jina la mwanangu, akasema kula Baba Benedict, umeshinda na njaa. Nililia. Kwa jicho hili watu walidhani ni mambo ya nyuki, wakanisogezea maji. Nimeapa moyoni. Nimekoma.

Jumatano, 18 Februari. Babati.

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu misa ya asubuhi, nimetafakari sana. Mpaka saa nne.

Saa nne Mama Vailet kapiga simu. Marafiki zake wanane wanataka kuja Machi! Nikaona mwanga. Miche mia tatu, mgongo mmoja, na watu wanane wanaotafuta cha kupigia picha! Wapande wao! Kila mgeni jembe lake, mti wake, na analipia. Tangazo jipya: PANDA MTI, PUMUA BARIDI. Praygod kalisoma na hakucheka. Dalili nzuri hiyo.

Mchana nimekwenda kwa muuza miche kule Singe. Miche ya asili ni midogo na inakua polepole, mtu unaweza kufa unaisubiri. Pembeni nikaona mikaratusi. Imenyooka, imefika magotini! Kasema miaka sita tu mtu anavuna kuni mpaka anachoka. Nikamwona dada Hilaria na kuni mpaka kwenye paa. Nilitaka kulia tena, kwa furaha safari hii. Kamati itatofautishaje, yote si majani tu?

Yule bwana akaniuliza naipanda wapi. Nikamwambia juu ya chemchemi. Akaacha kumwagilia, akanitazama. Kasema mzee, hii miti inakunywa maji sana.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, maji pale hayajawahi kukauka. Nimechukua mia tatu.